Mpango wa Marehemu

Saa nne kasorobo asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mpimaji wa ghala la nafaka alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia matupu akifuta bambo kwa kitambaa chenye mafuta. Bambo lenyewe lilikuwa la shaba, refu kuliko mtu, na ubavuni lilikuwa na matundu kumi yanayofunguka ukizungusha mpini. Unalidunga kwenye mahindi, unalizungusha, punje zinaingia, unalifunga, unalitoa, nawe umejua kilichomo bila kuingia. Au umejua kilichomo pale ulipodunga tu. Tofauti ya hayo mawili ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hiyo.

Zamani yeye alikuwa mshona magunia, na mpimaji alikuwa mumewe. Msimu uliopita mumewe aliingia ndani ya kihenge namba tatu, mmojawapo wa ile mitungi minne ya bati yenye urefu wa ghorofa tano, ili achote mahindi ya katikati, kwa kuwa mpango wa wakati ule ulitaka mahindi ya katikati. Msimamizi alimwambia aingie mara moja, dakika tano tu. Dakika ya tatu malori yakapiga honi, msimamizi akaagiza mlango wa chini ufunguliwe, mahindi yakaanza kuteremka na mume akateremka nayo. Ilibidi ubavu wa kihenge ukatwe kwa msumeno wa chuma ili atolewe. Baada ya mazishi wakubwa wakakaa kikao, wakamwonea mkewe huruma, wakampa bambo.

Mke alilipokea. Tangu siku ya mazishi mwili wake wote ulikuwa umekufa ganzi, na mtu mwenye ganzi hachagui kazi. Aliwahi kushika sufuria ya moto kwa kiganja kitupu akasimama akiitazama ngozi inavyobadilika rangi, kama anayetazama mkono wa jirani. Jioni alilala upande wake wa kitanda, asubuhi aliamka upande uleule.

Sasa chai ikamiminwa. Mafundi, wabeba magunia na karani wa mizani wakakusanyika kwenye benchi. Kutoka nyuma ya kihenge namba tatu akatokea mumewe, akijikung'uta makapi mabegani, akaja na kusimama mwisho wa foleni ya vikombe.

"Karibu chai, Marehemu," karani wa mizani akamwambia, akimsogezea nafasi.

Walimwita Marehemu kwa sababu kwa mwaka mzima walikuwa wamelizoea jina hilo, na kulibadilisha kungekuwa usumbufu. Yeye mwenyewe hakulikataa. Alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa, kisha akamwendea mkewe.

"Mama Chiriku," alisema.

"Baba Chiriku," mkewe alijibu. "Umepungua."

"Ndani kuna joto."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa mahindi kiasi cha viganja viwili, akayamwaga juu ya kitambaa cha bambo. Yalikuwa meusi yenye ukijani, yameshikana madonge, na yalikuwa bado ya moto. Yalitoa harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

"Yametoka wapi haya?"

"Katikati. Usawa wa pale waliponikatia," alisema. "Lile bati walilirudisha kwa misumari na lami. Mvua za mwanzo zimeingia. Juu wamemwaga mahindi mapya, makavu, huwezi kujua."

Mkewe alifunga kile kitambaa, akakitia mfukoni mwa koti. Halafu akauliza lile lililomkaa rohoni. "Leo utakuja nyumbani?"

"Kazi haijaisha," alisema Marehemu, akarudisha kikombe kikiwa kimejaa, akaondoka alikotokea.

Lilimuuma, au lingemuuma kama angekuwa na mahali pa kuumia. Mwanamume anafufuka, anakwenda kazini. Hata mama yake mzazi, alipokuwa hai, hakuwahi kumtoa kazini. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi.

Kila siku ya wiki hiyo alikuja saa nne, na kila siku alileta viganja viwili. Mpimaji aliyapeleka maabara, chumba kidogo chenye jokofu moja na feni isiyozunguka, kwa kijana mwembamba wa miwani ambaye ghala zima lilimwita Daktari wa Mahindi. Daktari aliyasaga, akayachanganya na dawa, akachovya kile kikaratasi chake, akangoja dakika tano. Alikuwa akitafuta sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, isiyoonekana kwa macho, isiyokufa hata unga uchemke kutwa nzima, inayokwenda kukaa kwenye ini na kungoja.

"Kiwango kinachoruhusiwa ni kumi," alisema Daktari. "Haya yana mia nne na kitu. Dada, haya hata panya namwonea huruma."

"Andika."

"Nitaandika, lakini nani amechota?"

"Baba Chiriku."

Daktari akaandika kwenye nafasi ya mchotaji: Marehemu. Akapiga mhuri wa tarehe.

Kwenye ukuta wa ofisi palikuwa pamebandikwa orodha ya mahali mahindi ya kihenge namba tatu yatakakopelekwa. Zilikuwa shule kumi na moja, kwa ajili ya uji wa saa nne wa watoto, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Shule ya nne kwenye orodha ilikuwa ya binti yao, mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Chiriku na mtaa mzima kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mpimaji aliisoma orodha ile kila alipopita, kana kwamba siku moja angekuta namba nne imerukwa.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, na hilo liliyafanya mambo yawe magumu zaidi. Aliwajulia watu hali za watoto wao kwa majina. Kwenye msiba wa mpimaji yeye ndiye aliyeleta maturubai, akakaa siku tatu, akalia machozi ya kweli. Tangu hapo alimwita mjane shemeji. Alipoletewa matokeo ya Daktari aliyasoma yote mpaka chini, akavua miwani, akaita kikao siku ya Jumatano.

"Mpango wa zamani tuliufuta baada ya msiba," alisema. "Hatuna mpango. Bila mpango hakuna sampuli, na bila sampuli hakuna hati. Tuchague."

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika ishirini. Walihudhuria msimamizi, katibu, Daktari, karani wa mizani, wakuu wa zamu watatu na mpimaji. Marehemu naye alikuja, akakaa kiti cha karibu na mlango kama alivyozoea enzi zake, magoti pamoja, kofia mapajani. Punje zilikuwa zikimdondoka kwenye mkono wa shati moja moja, zikigonga sakafu. Katibu aliinua macho akamwona, akafikiri kidogo, kisha akaandika kwenye kumbukumbu chini ya wasiohudhuria kwa udhuru: Marehemu.

"Kwanza haya matokeo," alisema msimamizi. "Marehemu, nakushukuru sana, hujaacha moyo wako wa kazi. Lakini wewe umekwenda moja kwa moja penye ubovu. Sampuli haichaguliwi. Sampuli ni bahati nasibu, ndio uzuri wake. Ukishajua pa kuchota, hiyo si sampuli tena, ni umbea."

"Ni kweli, mkuu," Marehemu alisema.

"Na isitoshe," akadakia katibu, "hayumo kwenye orodha ya watumishi."

"Ni kweli pia."

Karatasi za Daktari zikawekwa kando. Juu yake likawekwa jagi la maji, maana feni ya chumba kile ilikuwa inafanya kazi.

Ikaja mipango. Wa kwanza ulikuwa ule wa zamani, watu waingie wachote juu, kati na chini, ila safari hii kwa kamba, na walinzi wawili mdomoni, na kufuli kwenye mlango wa chini. Wa pili ulikuwa wa kuchota mahindi yakiwa yanatoka: mlango wa chini unafunguliwa kidogo, mahindi yanamiminika polepole, na kila baada ya dakika tano mtu anakinga kopo. Hakuna anayeingia ndani, na hakuna punje isiyopita mbele ya macho. Ungechukua siku mbili. Mpango wa tatu ulikuwa mfupi, nusu ukurasa. Mpimaji apande ngazi mpaka kwenye tundu la juu, adunge bambo mara tano, ashuke.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye bambo," alisema msimamizi. "Sema."

Mpimaji alisimama. Hakuwa mzungumzaji, na tangu msiba sauti yake ilikuwa imetulia mahali pamoja kama maji ya ndoo. "Mkuu, mpishi anakoroga kwanza ndipo anaonja. Akionja povu la juu, atajua habari za povu. Mimi nataka wa pili."

"Na lile bati, mkuu," Daktari akaongeza. "Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua," msimamizi akamalizia. "Ukuta uko kwenye bajeti ya mwakani."

Wakuu wa zamu wakacheka kidogo, kwa adabu. Msimamizi akangoja wamalize, kisha uso wake ukabadilika, na kila mtu akaona kwamba hafanyi maigizo. "Jamani, mimi nilisimama pale. Niliwaona wakikata bati. Sitazika mfanyakazi wa pili kwa ajili ya kopo la mahindi. Wa kwanza siutaki hata kuusikia. Huo wa pili ni siku mbili, na malori yako getini toka jana. Jumatatu watoto wanafungua shule. Nani hapa anataka watoto washinde na njaa?"

Hakuna aliyetaka watoto washinde na njaa.

"Wakubwa walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alihitimisha msimamizi, na baadhi ya macho yalielekea mlangoni alikokaa Marehemu, ambaye alikuwa amesikia la mkuu maisha yake yote na alikuwa amevunjika kila kitu isipokuwa mguu. Yeye alitikisa kichwa kukubali.

Wakapiga kura kwa mikono. Kwa mpango wa pili aliinua mkono mpimaji. Mkono wa Daktari ulianza kupanda, ukafika usawa wa sikio, ukalikuna. Marehemu naye aliinua wake, makapi yakamwagika kutoka kwapani, lakini katibu alikuwa anahesabu kwa kufuata orodha ya watumishi. Mpango wa tatu ukapita.

Karani wa mizani, ambaye alikuwa na roho nzuri na hakupenda kikao kiishe hivihivi, akapendekeza mpango mpya upewe jina la mwenzao, kwa kuwa umetungwa ili mwingine asife kama yeye. Wote waliafiki. Ukaitwa Mpango wa Marehemu. Msimamizi akaomba wasimame dakika moja kumkumbuka. Walisimama. Marehemu naye alisimama, akainamisha kichwa, akaikunja kofia yake mikononi mpaka dakika ikaisha.

Nje, mkewe alimfuata mpaka kivulini mwa kihenge.

"Umeona walivyofanya?"

"Nimeona."

"Na wewe unatikisa kichwa tu! Ni mahindi ya mwanao hayo, Baba Chiriku. Shule ya nne kwenye orodha."

"Nimeisoma," alisema. Maneno yake hayakuwahi kuwa mengi. "Wewe dunga tu kama mpango unavyosema. Mara tano. Mimi nitakuwa ndani."

"Halafu utakuja nyumbani?"

"Kazi ikiisha."

Ijumaa asubuhi mpimaji alipanda ngazi. Ilikuwa na vipago sitini na viwili vya chuma, na bambo lilifungwa mgongoni kwa mkanda. Juu, tundu la kihenge lilikuwa pana kama meza ya watu wanne. Akafungua kifuniko. Chini yake mahindi yalikuwa yametandazika, ya manjano, makavu, mazuri kiasi cha kumtia mtu hamu ya kuyachezea. Katikati yake alikuwamo mumewe, mahindi yamemfika kifuani, mikono nje, ametulia kama mtu aliye kwenye maji asiyoyaogopa.

Mpango ulitaja mahali pa kudunga: kila pembe ya tundu mara moja, na katikati mara moja. Hakuongeza wala hakupunguza. Alidunga pembe ya kwanza. Mumewe akashika ncha ya bambo, akaivuta chini, akazama nayo mpaka nywele zikapotea. Mpimaji alihisi mpini ukitikisika kidogo. Kisha ukatulia, akauzungusha, akafunga, akavuta. Bambo lilitoka la moto. Alipolimwaga kwenye turubai dogo, yalitoka mahindi meusi, madonge, na ile harufu ya beseni. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Aliandika namba kwenye mifuko mitano kwa kalamu ya wino, akashuka vipago sitini na viwili, akampa Daktari.

Daktari alikaa nayo saa nzima. Alitoka na karatasi moja, akampelekea msimamizi, kisha akarudi kufunga mlango wa maabara kwa ndani. Sampuli tano, zote kwa mujibu wa Mpango wa Marehemu, na zote zilizidi mara arobaini.

Watu waliokuwa karibu na ofisi walingoja kelele. Hazikutoka. Msimamizi alitoka amevaa kofia ngumu, akamwomba mpimaji waongozane, akapanda ngazi yeye mwenyewe. Hakuwahi kupanda tangu msiba. Alipumzika mara tatu njiani. Alipofika juu alipiga magoti kando ya tundu, akatazama ndani, akamwona.

"Marehemu."

"Naam, mkuu."

"Umefanya kazi nzuri. Tangu nikujue hujawahi kuniangusha." Alikuwa akihema, na jasho lilimchuruzika puani. "Lakini umetuingilia sampuli, baba. Mpango unasema mpimaji anadunga, haukusema mtu anapokea chini. Hapo tumeharibu bahati nasibu."

Marehemu alijifuta makapi usoni. Alikuwa anatafakari, na ilionekana anaona hoja iliyomo.

"Mwaka mzima uko humu," msimamizi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Hujalala, hujala. Mkeo huyu hapa. Mtoto anakuulizia. Zamu yako imekwisha. Nenda nyumbani ukapumzike, hiyo ni amri."

Marehemu hakumwangalia msimamizi tena. Alimwangalia mkewe. Alikuwa na macho yaleyale ya siku zote, ya mtu anayesubiri kuambiwa, na safari hii aliyetakiwa kumwambia alikuwa mkewe. Mpimaji alijua neno lenyewe. Lilikuwa fupi. Angesema, Baki. Angesema hivyo, na mumewe, ambaye hajawahi kukaidi mtu, angebaki mle ndani akijaza bambo kwa mahindi meusi mara tano, mara hamsini, mpaka malori yaoze getini.

Lakini kitu kilikuwa kimeanza kutembea mwilini mwake. Kilianzia kwenye vidole, kikapanda mikononi, kikawa kama sindano nyingi ndogo, kikafika kifuani kikawa furaha. Hakuwa na namna nyingine ya kuiita. Mwaka mzima hajahisi baridi wala moto, na sasa alihisi chuma kikiunguza magoti yake, alihisi upepo shingoni, alihisi kwamba leo jioni kiti cha tatu kitakaliwa. Aliona aibu. Aibu nayo aliihisi vizuri, na furaha ikaizidi.

"Chakula kipo," alisema.

Marehemu akainua mikono. Walimvuta wawili, mke huku na msimamizi kule, na hakuwa mzito. Alijikung'uta, akawashukuru, akashuka ngazi kwa uangalifu, kipago baada ya kipago, kama alivyofundishwa.

Mpimaji alidunga tena mara tano, kila pembe mara moja na katikati mara moja. Mahindi yalitoka ya manjano, yakimeta, yakilia kama shanga kwenye turubai. Daktari aliyapokea kupitia dirishani, akayapima bila kufungua mlango, akapitisha karatasi kwa chini. Yalikuwa na mbili, na kiwango ni kumi. Katibu akapiga chapa hati ya ubora, mpimaji akatia saini pale penye nukta, na saa nane mchana lori la kwanza la kwenda kinu cha unga lilikuwa chini ya mlango wa kihenge.

Nyumbani Chiriku alimkuta baba yake amekaa sebuleni. Alimsalimia, akamwambia amekonda, akamwambia kwamba jirani wamepata mbwa, kwamba yeye sasa anakaa dawati la mbele, kwamba jino lake la juu limetoka na jingine limeota limepinda. Baba alisikiliza yote. Usiku alilala upande wake wa kitanda. Alikuwa baridi na hakukoroma, lakini godoro lilibonyea, na mkewe akalala kwa kuufuata ule mbonyeo.

Jumatatu mpimaji alimpeleka mtoto shuleni mwenyewe, akaingia kwa mwalimu mkuu. Alimweleza habari za bati, mvua na mahindi ya katikati. Mwalimu mkuu alimsikiliza, kisha akafungua faili, akatoa nakala ya hati ya ubora iliyofika pamoja na unga, akaigeuzia upande wake.

"Hii saini ni ya nani, mama?"

"Yangu."

"Sasa?"

Aliitazama saini yake. Mwalimu mkuu akairudisha hati kwenye faili, akamshukuru kwa kuwajali watoto, akasema wazazi wa aina yake ni wachache.

Basi akafanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Kuanzia siku ile alimfungia Chiriku chakula kwenye kopo lenye kifuniko, viazi vya kuchemsha na yai, akamwambia asiguse uji wa shule, awe na njaa asiwe na njaa. Chiriku aliuliza kwa nini, mama yake akamwambia tumbo lake halipatani na uji. Mtoto alilitazama tumbo lake, akakubali. Jumanne kopo lilirudi tupu. Jumatano lilirudi tupu.

Alhamisi jioni walikuwa wamekaa watatu mezani wakingoja chakula kiive. Marehemu alikuwa anapiga msumari kwenye mguu wa stuli. Mpimaji alikuwa anaosha kopo, na aliona kwamba ni safi mno, limepanguswa kwa kidole, mtoto wake halambi hivyo.

"Chiriku, viazi amekula nani?"

"Nimekula mimi."

"Chiriku."

"Nilimpa mwenzangu wa dawati. Kwao hakuna kitu asubuhi, mama, na uji wa shule yeye anatapika. Kila siku nampa." Kisha, kwa kuwa ukimya ulimsumbua zaidi kuliko kosa, akaendelea mwenyewe. "Na tumbo langu linapatana nao kabisa! Umenoga. Wanatuongezea."

Marehemu aliweka nyundo chini. Tangu afike nyumbani hakuwa ameuliza swali hata moja.

"Vikombe vingapi?" aliuliza.

"Viwili. Leo viwili na nusu."

"Wa juu ya sufuria, au wa chini?"

"Wa chini, baba. Mimi nasimama mwisho wa foleni makusudi. Chini ndiko kuzito."

Baba yake alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa iliyo sahihi. Mpimaji aliliweka kopo juu ya rafu, mdomo chini, likauke kwa ajili ya kesho. Chakula kilikuwa kimeiva, akapakua sahani tatu.